Mjadala: DNA za makaburini zimemaliza ubishi wa Ushirazi?

Mashaka_Mrima: Wadau, ule utafiti wa Machi 2023 katika jarida la Nature, wa akina Chapurukha Kusimba, mwanaakiolojia, na David Reich, mtaalamu wa vinasaba, mnaukumbuka? Walipima DNA (vinasaba) ya watu 80 waliozikwa kati ya 1250 na 1800 katika miji ya Waswahili, pwani ya Afrika Mashariki: Mtwapa, Manda, Faza, Kilwa, Songo Mnara na kwingineko. Wengi kwa mama ni Waafrika, kwa baba wametoka Asia, hasa Uajemi, na kuchanganyika kulianza kama mwaka 1000. Nauliza: habari za Washirazi, yaani kwamba miji ya pwani ilianzishwa na watu waliotoka Shirazi huko Uajemi, ambazo wanahistoria wengi waliziita hekaya, sasa ziingie kwenye vitabu vya shule kama ukweli?

Sharifu_Pate: Ziingie leo. Wazee wetu wameitwa waongo kwa muda mrefu, eti walijitungia nasaba ili wajikweze. Sasa mifupa imesema: asilimia 90 Uajemi. Waafrika walitoa wanawake tu, miji ilijengwa na waume waliovuka bahari.

Bi_Mwanaisha: “Walitoa wanawake tu”? Kaka, soma tena ulichoandika. Mitochondria, sehemu ya seli yenye DNA yake, mtu huirithi kwa mamaake peke yake, na karibu zote zilizopatikana makaburini humo ni za Kiafrika. Kizazi baada ya kizazi mwanamke wa hapa ndiye mwenye mji, mgeni anaoa anaingia ukweni. Mpaka leo Ngazija, kule Komoro, nyumba ni ya mwanamke. Na watoto wale walikua na lugha gani? Ya Kibantu, ya mama zao.

Fundi_Chokaa: Hiyo 90 umeikata kichwa, Sharifu. Walichosema ni kwamba katika kile kipande kilichotoka Asia, asilimia 80 hadi 90 kililetwa na wanaume wa Kiajemi. Ukichukua DNA nzima, wengi wao zaidi ya nusu ni Afrika.

Sharifu_Pate: Sikuja hapa kufundishwa kusoma, dada. Tarikh ya Kilwa, kile kitabu cha kale cha habari za masultani wake, inasema wazi: Ali bin Hassan alitoka Shirazi, akakinunua kisiwa kwa nguo za kukizunguka chote. Mnunuzi ndiye mwenye mali.

Bi_Mwanaisha: Na aliyemuuzia alikuwa nani? Kama kulikuwa na muuzaji, basi palikuwa na mwenyewe, tena mwenye nguvu ya kutaja bei. Masimulizi ya Kilwa yenyewe yanasema alimwoa binti wa huyo mwenyeji. Mnamkumbuka mkwe, mnamsahau mwenye binti.

Kimweri_Bara: Mimi swali langu jingine. Makaburi mengi yaliyochimbwa yako jirani na misikiti, ni ya watu wenye nafasi. Waliokaa nyumba za miti na udongo, ambao ndio wengi mjini, nani aliwapima? Ibn Battuta, yule msafiri wa Moroko, alifika Kilwa mwaka 1331, akaandika kuwa wengi wa watu wake ni weusi sana, wenye chale usoni. Hao wako wapi katika hesabu hii?

Sharifu_Pate: Nilijua wa bara atafika. Kila ukizungumzwa ukoo wa watu wa pwani, nyinyi mbio kuja kutufuta.

Kimweri_Bara: Bibi yangu mzaa mama kazikwa Lindi, ndugu. Nafuta kaburi la nani? Nimeuliza nani aliyepimwa, umenijibu kwa kabila langu.

Mashaka_Mrima: Jamani, vitabu vya shule…

Bi_Mwanaisha: Vitabu viandikwe, ila visianze na jahazi. Mimi nimesomeshwa historia ya pwani nzima bila kusikia mwanamke mmoja, na leo tunapata ushahidi wa mama zetu ndani ya mifupa, mtu anaandika “tu”. Sitaliacha neno hilo lipite.

Fundi_Chokaa: Mnasahau Shanga. Pale kisiwani Pate, mwanaakiolojia Mark Horton alikuta msikiti wa miti wa karne ya 8, miaka mia mbili hivi kabla ya mchanganyiko huo wa mwaka 1000. Uislamu, biashara na mji vilikuwepo kabla ya damu ya Uajemi kuonekana kwa wingi. Sharifu, kabla hujarudi kwenye waume waliovuka bahari, nijibu hilo: msikiti ule waliujenga akina nani?

Sharifu_Pate: Mfanyabiashara Mwislamu hakosi kuswali anapotia nanga. Wageni hao hao.

Bi_Mwanaisha: Na waliolala humo mjini mvua nzima, upepo wa msimu ukiwa umekwisha wachukua wageni kuwarudisha kwao?