Mrejesho: dahlia zimechanua Septemba hii

Wakuu, Agosti niliuliza kwa nini dahlia zangu hapa Minnesota, Marekani, zina majani tele lakini maua ya kuhesabu. Mlinishauri niache mbolea yenye naitrojeni nyingi na nikate maua yaliyofifia. Yote mawili yamesaidia. Sasa zimechanua kwelikweli, ahsanteni sana.

Kinachowachanganya wengi ni kutofautisha tumba na ua lililokwisha, kwani petali zikishadondoka vyote vinafanana. Tumba jipya ni la mviringo, limebapa kidogo juu, na ni gumu ukilibonyeza. Lililokwisha limechongoka, ni laini, na mara nyingi ukiliminya linatoa maji. Hilo ndilo la kukata, tena si shingoni: shuka na kikonyo mpaka kwenye jozi ya majani, ndipo chipukizi la pembeni litakapotoka. Anayetaka ua kubwa, kwenye matumba matatu ya nchani abakize la katikati tu. Maua ya kupamba mezani yakatwe asubuhi yakiwa yameshafunguka, maana dahlia ikikatwa bado tumba haifunguki tena.

Asta za zambarau na sedamu, maua mengine ya bustanini kwangu, nazo zimeanza kuchanua, nyuki wamejaa. Hizo hubaki ardhini msimu wote wa baridi.

Lakini viazi vya dahlia, yaani mizizi yake minene ya chini ya ardhi, havihimili ardhi iliyoganda. Jalidi (umande ulioganda) ya kwanza ikishayafanya majani kuwa meusi, kata shina libaki sentimita 10 hadi 15, chimba taratibu, kisha hifadhi viazi penye nyuzijoto 4 hadi 10 za Selsiasi. Pakiwa na unyevu mwingi vinaoza. Pakiwa pakavu mno vinasinyaa.