Kijana kabadilishiwa miwani mara tatu, sasa wanataka picha ya konea

MamaMbale: Wadau habari zenu, wakubwa shikamooni. Kijana wangu yuko S.2 (sekondari mwaka wa pili), ana miaka 15, tangu mwaka jana miwani mara tatu na bado herufi za ubaoni anaziona na vivuli, usiku taa ya boda kwake inatawanyika miale. Macho yanamuwasha kila siku, anayafikicha na vifundo vya vidole mpaka yanaiva. Kliniki ya kwanza kazi yao ilikuwa kuongeza namba tu. Juzi daktari mwingine kammulika akasema anashuku keratokonasi, twende Kampala apigwe picha ya konea. Hiyo picha itaonyesha nini ambacho yeye hajaona? Ni hela ya karo hii jamani.

MpimaMacho: Mama mpeleke. Konea ni kile kioo cha mbele ya jicho, kwenye huu ugonjwa kinakonda na kuchomoza kama koni, na mwanzoni kwa kumulika tu unaweza usikione kabisa. Kuna mashine inayomulika miduara kwenye jicho, hiyo inasoma uso wa mbele peke yake. Nyingine kamera yake inazunguka, inapata mbele, nyuma na unene wote, na hiyo ndiyo ya kuomba kama ipo maana mara nyingi ugonjwa unaanza kujionyesha nyuma. Konea ya kawaida katikati ina unene wa kama mikroni 540, yaani zaidi kidogo ya nusu milimita. Tunachotafuta ni pale palipokonda pawe ndipo palipochomoza. Ukiona rangi nyekundu kwenye karatasi ya majibu, yaani pamechomoza, usilie kwanza, hata jicho kavu au mtoto kutotulia kunaharibu picha, inarudiwa. Haiumi, anaweka kidevu anakodoa sekunde chache basi.

KakaWaArua: Dada yangu usichelewe. Mimi walinipa miwani miaka minne bila mtu kutaja picha, nilipopigwa nina 22 jicho la kushoto lilikuwa na kovu tayari. La kulia lilikuwa bado nene wakanifanyia ile ya matone ya vitamini B2 na mwanga wa UV-A, nililala pale kama saa nzima. Ile inazuia lisiendelee tu, kilichoharibika hakirudi, na kwa njia ya kawaida wanataka konea isipungue mikroni 400. Na huko kufikicha akuache leo, atibiwe aleji, aweke kitambaa cha maji baridi.

MamaMbale: Asanteni sana, nimesoma nikatetemeka. Mdogo wake wa miaka 12 naye anafikicha, lakini hajalalamika kuona.

MpimaMacho: Nenda nao wote wawili, hii kitu inatembea kwenye familia. Na usitoke bila nakala za picha mkononi, kwa umri wao watarudia baada ya miezi michache, wakikuta mashine nyingine waambie ile ya kwanza ilikuwa aina gani maana namba za mashine mbili tofauti hazilinganishwi hivihivi.