Naomba mnikosoe picha zangu za karafuu, msinionee haya

MchumaPicha (Wete, Pemba)
Asalaam aleikum wanajukwaa. Kazi inayonilisha ni kupiga harusi na picha za pasipoti. Lakini msimu huu nimekuwa nikipiga kitu changu mwenyewe: kazi ya karafuu yote, tangu wachumaji wakiwa juu ya mikarafuu, usiku akinamama na watoto wanapokaa kuchambua, kutenga karafuu na makonyo (vile vijiti vyake), mpaka zinapoanikwa kwenye majamvi. Nimeweka picha 12 hapa chini, zote nyeusi na nyeupe.

Kila ninayemwonyesha ananiambia "nzuri, mashaallah", basi. Nami nikizitazama naona angeweza kuzipiga yeyote aliyeshuka na boti asubuhi akaondoka jioni. Mimi mama yangu ametusomesha kwa pishi za karafuu alizochuma. Hilo linaonekana wapi kwenye picha hizi? Sitaki ushauri wa kununua lenzi. Nataka mniambie ipi ina jicho langu na ipi nimeiga.

BintiShangani
Waaleikum salaam kaka. Nimezitazama kwenye kompyuta, si kwenye simu, nikazirudia. Nakwambia nilivyoona.

Namba 1, 3 na 9 zitoe. Mchumaji amekuwa kivuli mbele ya jua linalotua. Uzuri wote ni wa jua. Hata mti haujulikani kama mkarafuu au mwembe.

Namba 6 na 7 ndizo zilizonisimamisha. Umekaa chini, kwenye jamvi lilelile la wachambuaji, taa ipo sakafuni inamulika mikono, na pembeni kuna mguu wa mtoto aliyepitiwa na usingizi palepale. Mgeni hakai hapo, wala hakaribishwi saa hizo. Hapo nakuona wewe.

Na hii nyeusi na nyeupe umeitoa wapi? Nahisi ni zile picha za zamani za Capital Art Studio, pale Kenyatta Road, Mji Mkongwe, sote tumezipenda. Lakini Ranchhod Oza alipofungua studio ile mwaka 1930, filamu iliyokuwa ikitumika ndiyo hiyo. Wewe unapiga zao ambalo habari yake ni rangi: linachumwa likiwa kijani chenye wekundu, linaanikwa, linageuka juani mpaka hudhurungi iliyoiva. Ukiitoa rangi, jamvi la siku ya kwanza na la siku ya mwisho yanakuwa kitu kimoja.

FundiWaChake
Kwa za mchana nakubaliana na dada. Kwa za usiku, hapana. Taa za sola zina ubuluu mbaya, nyuso za watu zinatoka kama za wagonjwa. Mchana weka rangi, usiku acha nyeusi na nyeupe, na usiogope kwamba hazitafanana.

Jingine, mdogo wangu. Namba 7 vidole vimeganda. Naona umepandisha ISO (wepesi wa kamera kupokea mwanga) mpaka picha imejaa chenga, ili tu upate spidi ya kufyatua. Mchambuaji mzoefu vidole vyake havishikiki kwa macho, sasa kwa nini kamera ivisimamishe? Teremka mpaka 1/15 ya sekunde, egemeza mkono kwenye goti, acha vidole vifutike na uso ubaki. Nyingi zitaharibika, piga tu.

MchumaPicha
Ahsanteni sana. Za jua nimeshazitoa, ingawa namba 1 ndiyo iliyosifiwa kuliko zote. Fundi, taa ya namba 6 si sola, ni chemli ya bibi. Nimerudisha rangi sasa hivi: karafuu na makonyo yanatengana, kabla ilikuwa rundo moja. Ya 1/15 nitaijaribu inshaallah.

Lakini hakuna aliyeitaja namba 11, yule mama aliyenipa mgongo uwanjani. Naipenda kuliko zote na siwezi kueleza sababu.

BiMkubwaKonde
Mwanangu, mimi si mpiga picha, ila karafuu nimechambua tangu sijaolewa. Huyo mama hakukupa mgongo. Anaanua. Tazama pembe ya jamvi ilivyoinuka na bega lilivyopanda: mvua inakuja, na karafuu ikinyeshewa haijakauka, inaharibika na daraja linashuka. Umeipenda kwa sababu mwili wako unaijua hiyo haraka. Asiyekulia huku ataona mwanamke ameinama, basi. Umekata juu, wingu halimo. Kama unayo nyingine yenye wingu na watoto wanaokimbilia majamvi, iweke hiyo karibu na hii, na zile za wachumaji juu ya miti zipunguze.

Na namba 7, yule wa pembeni hana mtandio. Alikuwa kwao, usiku, amekaa na wenziwe. Ulimuuliza kama anaridhia kuonwa na watu wote hawa? Kama bado, itoe leo hii, halafu mchapishie, umpelekee mkononi, aseme mwenyewe.