Tupeane uzoefu: kubadilisha kaunta ya jiko kwa bajeti ndogo

MamaShani
Wakuu, salaam. Jana nimevuta droo ya chini ya sinki, ikabaki mkononi. Kuchungulia vizuri, kaunta yote imevimba kuanzia kwenye sinki hadi karibu na jiko la gesi, ukibonyeza kidole kinaingia. Ni MDF iliyobandikwa fomeka, tuliikuta tulipohamia. Nataka kubadilisha sehemu ya juu. Urefu mita 3, upana sentimita 60, sinki moja. Bajeti isizidi laki tano pamoja na ufundi. Mume wangu anataka tailizi, fundi anasema granaiti, mama mkwe anasema mwaga zege uachane na hayo mengine. Mliopita njia hii, mliweka nini na kimedumu vipi?

Ngosha wa Igoma
Pole dada. MDF ni nyuzi laini za mbao zilizogandishwa kwa gundi. Maji yakishapenya kwenye mdomo wa tundu la sinki, hata uianike juani mwezi mzima hairudi.

BintiPangani
Msikilize mumeo. Mimi niliweka tailizi za 60 kwa 60. Boksi lina vipande vinne, mita za mraba 1.44. Kwa kaunta yako vipande vitano vinalala sawasawa kwa urefu wote, unakata tundu la sinki tu. Boksi mbili zinatosha, na vile vitatu vinavyobaki pandisha ukutani nyuma ya jiko, au viweke stoo kwa dharura. Ila ukikubali tailizi ndogo ndogo umekwisha, kila kiungo ni nyumba ya binzari. Mimi fundi aliniwekea grauti (ile ya kujaza nafasi kati ya tailizi) nyeupe, na wiki ile ile ikawa ya njano. Nimesugua kwa mswaki na magadi, wapi. Dai grauti ya rangi ya kijivu, au ile ya epoksi kama mfuko unaruhusu, hainywi mafuta.

Mjomba Nyundo
Tailizi ikidondokewa na mchi wa kinu, kwaheri.

BintiPangani
Kwani mjomba unatwangia juu ya kaunta? Kinu mahali pake ni sakafuni. Na ndiyo maana nimesema weka vya akiba stoo, kikipasuka unabandua hicho hicho kimoja.

Fundi Mawe
Dada, granaiti inaingia kwenye bajeti yako ukiacha kununua jiwe zima. Nenda kwenye karakana zinazokata mawe, uliza mabaki. Wakimaliza kazi za majengo makubwa hubaki vipande vya mita moja na nusu, bei yake inashuka sana. Chukua viwili vya rangi moja, kiungo kipite katikati ya sinki ambako jiwe ni kidogo, hakionekani sana. Lakini jua uzito. Granaiti ya sentimita 2 ni kama kilo 54 kwa mita ya mraba, yako itakaribia kilo 97 kabla ya kutoboa sinki. Kabati lililovimba halibebi hilo.

Halafu kuna wanaouza mabo (jiwe la marumaru) kwa jina la granaiti. Omba kipande cha taka, kamulia ndimu, subiri dakika chache. Ikitoa povu au ng'aro ikififia hapo ndimu ilipokaa, hiyo ni mabo, ina chokaa, na ukwaju na siki zitaila kila siku. Granaiti haishtuki.

Kichwa Ngumu
Fundi Mawe, waambie na ule wizi wenu. Mnamlipisha mtu mpaka tundu la sinki, yaani nalipia hewa.

Fundi Mawe
Tundu ndiyo kazi yenyewe. Jiwe likipasuka wakati wa kutoboa nani analipa? Mimi.

Kichwa Ngumu
Basi kile kipande kilichotoka mlikipeleka wapi?

Fundi Mawe
Kidai siku hiyo hiyo, ni chako. Kinafaa sana kusukumia chapati.

MwanaMbagala
Nimeona neno zege mwili ukasisimka. Nyumba tunayokaa ina kaunta ya zege aliyoimwaga marehemu baba, imara kabisa, vizazi viwili vimepikia pale. Mke wangu akataka sinki la mabakuli mawili. Fundi akaja na grinda akapanua tundu hadi mbele ukabaki mkanda usiozidi upana wa kiganja. Nikaona cheche. Zege halitoi cheche namna ile, ni nondo inakatwa. Nikamuuliza, akanijibu, "Hiyo haina kazi, bosi." Akaweka sinki, akapaka silikoni, akalipwa, akaenda zake.

Siku ya shughuli ya ukoo, sufuria kubwa la pilau likaegeshwa pale pale kwenye mkanda, binti yangu kasimama anaosha vyombo. Nikasikia mlio mkavu, paa! Ufa ukatoka kwenye kona ya sinki ukakimbia mpaka ukingoni. Mama yake alimvuta kwa gauni, na kipande cha mbele kikashuka na sinki, na pilau, bomba likakatika, maji yakaruka hadi kwenye dari. Kile kipande kilitua miguu ya mtoto ilipokuwa. Tulikiinua wanaume watatu. Yeye alitoka na mkwaruzo wa kisigino tu. Fundi hapatikani kwenye simu mpaka leo.

Mama Rehema
Alhamdulillah. Nimesoma nimeshika kifua.

Mjomba Nyundo
Wageni walikula nini sasa?

Mama Rehema
Mtu anaeleza mtoto kaponea chupuchupu, wewe unauliza chakula!

Mzee wa Kibaha
Pole sana kijana, lakini zege halina kosa. Yangu ipo tangu 1998. Nondo zinakaa upande wa chini wa slabu, maana ndiko inakovutika ikibebeshwa mzigo, na mbele ya sinki inaongezwa nyingine. Ukizikata umebaki na jiwe tupu. Anayemwaga mpya amwagilie maji siku 7 na asing'oe mirunda haraka, zege hukomaa siku 28.

Kichwa Ngumu
Mzee, ya unene wa sentimita 7 kwa mita zake hizo ni kilo 300. Nyumba ya kupanga utamwaga zege?

MamaShani
Nyumba ni yetu jamani. Mungu amlinde huyo binti.

Nesi wa Wodi
Chochote mtakachochagua, kikatiwe nje tena kwa maji. Vumbi la mawe lina silika, linaua mapafu polepole na halina dawa ya kuyarudisha. Australia imepiga marufuku mawe ya kutengenezwa kiwandani kuanzia tarehe 1 Julai 2024 kwa sababu ya mafundi waliougua. Huku fundi anakata sebuleni kajifunga kanga puani.

Fundi Mawe
Hapo dada nakuunga mkono, wenzetu wamekohoa mpaka wakaacha kazi.

MamaShani
Kabati la chini nalo limekwisha. Nikijenga vikuta vya tofali, juu nikaweka marini bodi (aina ya plaiwudi) na tailizi?

BintiPangani
Mimi ndivyo nilivyofanya.

Fundi Mawe
Vikuta ndiyo. Bodi hapana, mwaga slabu nyembamba yenye nondo. Na sinki linunue kabla ya yote, liwe pale fundi anaposuka nondo, tundu liachwe kwa kipimo chake.

MwanaMbagala
Hilo la sinki lizingatie sana, dada.