Naomba ushauri: kiungo cha Lamu hadi Pate kinayumba na maji ya bamvua

Asalaam aleikum wanachama. Tuna kiungo cha redio (mawasiliano bila waya) cha 5.8 GHz kutoka Lamu mjini hadi Pate, kilomita 18 hivi, sehemu kubwa ni maji. Dishi zenye uwezo wa kukuza mawimbi wa 30 dBi, milingoti ya mita 24 pande zote, nguvu ya kurusha 20 dBm. Kwa hesabu, mawimbi yanayopokelewa yawe -53 dBm (namba ikizidi kushuka chini ya sifuri, mawimbi ni hafifu zaidi), na maji mafu (siku za kujaa na kupwa kudogo) tunapata -56. Shida ni bamvua (siku za kujaa na kupwa kukubwa): maji yakijaa inaporomoka hadi -75, kisha hurudi yenyewe yakipwa. Kwa hiyo si chumvi kwenye viunganishi (chumvi haifuati saa za maji). Nashuku mawimbi yanayoakisiwa na bahari yanafika yakipingana na yale ya moja kwa moja.

Tumepunguza chaneli kutoka 40 MHz hadi 20, tumehakiki mwelekeo wa dishi, tumefunga upya viunganishi kwa utepe wa mpira. Kina cha mporomoko hakijabadilika.

Maswali mawili. Kwanza: niweke dishi ya pili Pate, chini ya ile ya sasa, au nishushe iliyopo ili mikoko ikinge mwakisiko? Nikishusha naogopa kuziba ukanda wa Fresnel (eneo linalozunguka mstari wa moja kwa moja kati ya dishi, linalotakiwa kuwa wazi), ambao katikati ya njia una nusu-kipenyo cha mita 15.

Pili: kusambaza kutoka Pate hadi nyumba zilizo nyuma ya minazi, kuna aliyetumia masafa matupu ya televisheni (chaneli za TV zisizotumika mahali hapo), 470 hadi 694 MHz? Bei ya vifaa na kasi halisi kwa chaneli moja ya 8 MHz ndiyo ninayohitaji.