Kikundi cha Ukoo, Chumbageni: Bakuli la Waridi

Mpwa Pasadena: 📷 Shikamoo Bibi, shikamooni wakubwa wote. Heri ya mwaka mpya. Nimelala hapa kando ya barabara, Colorado Boulevard, Pasadena, California, nangoja gwaride la maua. Baadaye mechi ya Rose Bowl, ule mpira wa Kimarekani wa kushika mikononi, vyuo vikuu vinacheza.

Bibi: Marahaba mjukuu wangu. Umelala barabarani? Umefukuzwa chumba?

Dada Tanga: 😂😂😂

Mpwa Pasadena: Hapana Bibi! Watu kibao wamelala huku na mablanketi yao, kila mtu anawahi nafasi ya mbele. Magari yanavishwa maua, mbegu na majani mpaka chuma kisionekane. Yanaanza saa mbili asubuhi ya huku, kwenu saa moja jioni.

Mama Mdogo: Rose Bowl si bakuli la waridi? Watu wazima wanagombea bakuli?

Mjomba Houston: Bakuli ni uwanja, dada. Waliujenga 1922 bondeni, ukakaa kama bakuli. Mechi ni ya zamani zaidi. Ya kwanza 1902, Michigan waliwachapa Stanford 49 kwa 0, Stanford wakaomba basi muda haujaisha. Waandaaji wakaona bora washindanishe magari ya farasi. Mpira ulirudi 1916.

Mama Mdogo: Magari ya farasi ningeangalia hata mimi.

Mpwa Pasadena: Mjomba, hawa ninaokaa nao wote ni mashabiki wa USC, chuo kikuu cha Southern California. Wananiambia Rose Bowl ya miaka ya 2000 ilikuwa mali yao.

Mjomba Houston: Wamekuambia 2006 pia, au wameiruka?

Dada Tanga: Haya, kachokozwa. Bibi leta kiti.

Mjomba Houston: Nianze mwanzo basi. 2000 Wisconsin 17, Stanford 9, yule Ron Dayne wa Wisconsin kakimbia na mpira yadi 200. 2001 Washington wakaifunga Purdue 34-24, na Purdue walikuwa na Drew Brees, ambaye baadaye alikuja kubeba Super Bowl, fainali ya ligi ya kulipwa. Mpaka hapo desturi ilikuwa ileile tangu 1947: bingwa wa pwani ya magharibi dhidi ya timu ya Big Ten, ligi ya vyuo vya kati ya nchi. 2002 ikavunjika. Mechi ikapangiwa kuamua bingwa wa taifa, na kompyuta zikamleta Nebraska, ambaye wiki kama sita tu nyuma alikuwa kafungwa 62 kwa 36 na Colorado! Miami wakampiga 37-14. Oregon, walioachwa nje, mpaka leo wana kinyongo.

Mama: Kompyuta zinachagua nani acheze?

Mjomba Houston: Zilikuwa na kura yao. Usinitoe njiani. 2003 Oklahoma 34, Washington State 14, sina la kusema. 2004 USC 28, Michigan 14. 2005 ndiyo Texas tulifika kwa mara ya kwanza kabisa, na Michigan tena. Wanatuongoza 37-35, dakika inaisha, kijana Dusty Mangum anapiga mpira wa yadi 37. Mtu wa Michigan akaugusa! Ukayumba hewani kama kishada kilichokatika, ukapita kati ya nguzo, pointi tatu. 38-37.

Mpwa Pasadena: Maskini Michigan.

Mjomba Houston: Na 2007 wakafungwa tena na USC, 32-18. Mara tatu katika miaka minne! Wale wa 49-0.

Mpwa Pasadena: Lakini Mjomba, USC walicheza mara tano kwenye huo muongo, wakashinda nne. 2008 walimpiga Illinois 49-17, 2009 Penn State 38-24. Wana haki ya kuringa.

Mjomba Houston: Waringe. Ila ile moja waliyopoteza wangeibadilisha na zote nne, waulize.

Mama Mdogo: Haya ilikuwaje?

Mjomba Houston: Tarehe 4 Januari 2006, Texas yetu na USC, ubingwa wa taifa. USC hawajafungwa mechi 34 mfululizo. Wana Matt Leinart na Reggie Bush, wote wawili wana Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo. Mimi niko zamu ya usiku kituo cha mafuta, televisheni hairuhusiwi. Redio nimeificha nyuma ya mashine ya kahawa. Zimebaki kama dakika saba, tunafungwa 38-26. Akaingia mzee mmoja kununua maziwa. Kaweka galoni kaunta, kasikia redio, halipi, haondoki.

Dada Tanga: 😂

Mjomba Houston: Vince Young wetu akavuka mstari wa mwisho na mpira, 38-33. USC wakapata mpira. Zimebaki dakika mbili na kidogo, jaribio lao la nne, la mwisho kabla ya kunyang'anywa mpira, wanahitaji yadi mbili tu. Wakizipata mchezo umekwisha. Kocha Pete Carroll hakutaka kuupiga mpira mbali, akampa LenDale White apenye katikati. Akazuiwa.

Mpwa Pasadena: Na Bush alikuwa nje anatazama!! Hapo ndipo jamaa zangu huanza kulia.

Mama Mdogo: Una mchezaji bora wa nchi nzima halafu unamweka pembeni? Huyo kocha alirogwa.

Mjomba Houston: Mimi namtetea. White alikuwa anapenya siku nzima. Na ukiupiga mbali unampa nani mpira? Young yuleyule.

Bibi: Yadi mbili nazijua mimi. Merikani tulipimiwa kwa yadi dukani. Hiyo ni gauni la mtoto.

Mama: Gauni la mtoto limewanyima ubingwa 😂

Mjomba Houston: Ndiyo hivyo! Zikabaki sekunde 26, sasa sisi ndio tuko jaribio la nne, yadi tano. Young akatafuta wa kumrushia, hakuna. Akakimbia upande wa kulia, kona ile, akaingia hajaguswa. Zimebaki sekunde 19. 41-38. Yule mzee kanirukia kunikumbatia juu ya kaunta, galoni likaanguka likapasuka. Nilipiga deki sakafu nzima huku nacheka peke yangu.

Mpwa Pasadena: Sawa Mjomba, umeshinda. Gari la kwanza hilooo 📷

Mama Mdogo: Mashallah, hayo maua!

Bibi: Huyo mzee, maziwa alilipa?

Mjomba Houston: Alilipa Mama. Na yaliyomwagika, na mengine ya kwenda nayo nyumbani.