Windows 10 ndiyo basi tena: nihamie Linux nyumbani au ninunue kompyuta nyingine?

Nyota Njema
Wakuu, naomba mawazo yenu. Microsoft waliacha kutoa marekebisho ya usalama ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Kompyuta yangu ya nyumbani ni Core i5 ya kizazi cha 6, RAM 8GB, haina kilema chochote, ila Windows 11 haiitaki. Inadai Intel ya kizazi cha 8 kwenda mbele pamoja na chipu ya usalama ya TPM 2.0. Matumizi yetu ni ya kawaida: mama watoto anaandika ripoti za kazini, watoto wanasoma, mimi ni filamu na barua pepe. Kuna jamaa ananiambia niweke Linux, ule mfumo endeshi wa bure unaokaa badala ya Windows, mambo yaishe. Ni kweli au ananitafutia ugomvi na mke wangu?

Bisibisi
Weka Linux Mint, moja ya aina za Linux, mkuu. Usifute kitu kwanza. Pakua faili lake la ISO, lenye mfumo wote ndani, lichome kwenye flashi, washa mashine kutoka kwenye flashi uijaribu bila kugusa diski. Waifai ikishika, sauti ikitoka, printa ikiitika, unaendelea. Ikigoma, chomoa flashi, Windows yako iko palepale. Ukiona mashine nzito, chukua toleo la Xfce, ni jepesi zaidi. Na virusi utaanza kuvisikia kwa wenzako tu.

Hesabu Kamili
Hujamuuliza mke wake anaandika ripoti kwa kutumia nini. Kama ni Word yenye majedwali na masahihisho yanayokwenda na kurudi kwa bosi, LibreOffice, ile ya bure inayokaa badala ya Word na Excel, itaifungua, sikatai, lakini iko siku jedwali litakimbilia ukurasa wa pili. Mimi nina faili za Excel zenye makro za VBA, yaani amri zinazofanya kazi zenyewe ndani ya faili. LibreOffice inazielewa nusunusu, na Excel ya kwenye kivinjari haiziendeshi kabisa. Nilishagundua watu wa Linux wanashauri kama watu wasio na kazi ya kumkabidhi mtu.

Msumari
Hatuna kazi? Dada, kama unatumia simu ya Android, ndani yake kuna kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo. Zile kompyuta 500 zenye nguvu kuliko zote duniani, zote zinaendeshwa na Linux tangu Novemba 2017. Kumbe wote hao wanazurura, mwenye kazi ni wewe na makro zako.

Hesabu Kamili
Kaka, mimi sitabiri hali ya hewa. Nafunga hesabu za mwezi. Povu lote hili na swali la jedwali hujaligusa.

Mzee Kifaru
Vijana, kuna jiji moja kule Ujerumani, kama sikosei Munich, walihamia Linux kwa mbwembwe zote kisha wakarudi Windows kimyakimya. Jiji zima lenye mafundi wake limeshindwa, itakuwa huyu na mkewe?

Bisibisi
Shikamoo mzee. Hiyo habari huwa inaishia katikati. Munich waliamua 2003, na kufikia 2013 walikuwa wameshahamisha kompyuta zaidi ya 14,000. Ni baraza la jiji lililopiga kura 2017 kurudi Windows, chini ya meya mwingine. Mwaka 2020 muungano mpya wa jiji ukaandika tena kwamba programu huria, zile ambazo msimbo wake uko wazi kwa kila mtu, zipewe kipaumbele. Na mwaka 2024 jimbo la Schleswig-Holstein, hukohuko Ujerumani, likatangaza kuhama, likianza na LibreOffice. Kwa maoni yangu kilichoirudisha Munich ni siasa kuliko kompyuta.

Mzee Kifaru
Marahaba. Siasa hata nyumbani kwa mleta mada zipo. Kamuulize mkewe.

Kalamu Nyekundu
Naomba kuuliza kidogo. Nyie wote mnaoipigania Windows humu, nani aliilipia? Mkono juu. Nikiondoa za kuchakachua, huu uzi utabaki na watu wawili.

Upepo Mwanana
Umeanza dharau. Windows yangu imekuja na laptopu kutoka kiwandani, ufunguo wa leseni umo ndani ya mashine yenyewe.

Kalamu Nyekundu
Sikukutaja. Nimerusha jiwe gizani, nikasikia yowe.

Upepo Mwanana
Yowe la nini? Unaita watu wezi hadharani halafu unataka wanyamaze? Nataka uniombe radhi.

Msumari
Ila hoja yake ina mashiko. Zile programu za kuamsha Windows bila leseni, maelekezo yake ya kwanza ni "zima antivirasi". Mtu anaizima, anaipa programu asiyoijua ruhusa zote, kesho nenosiri la benki likivuja anailaumu intaneti. Mtu wa namna hiyo afadhali Linux isiyojua hata kuchapisha.

Upepo Mwanana
Bwana usalama, mbona husemi habari ya xz? Machi 2024, mlango wa siri umekutwa ndani ya programu ya kubana faili inayotumika kwenye Linux karibu zote. Aliyeuweka alijiita Jia Tan, akajifanya mchangiaji mwema miaka miwili, wenyewe wakampa funguo. Huo ndio uhuria wenu?

Bisibisi
Ulikuwa kwenye matoleo 5.6.0 na 5.6.1, ukakamatwa ukiwa umefika zaidi kwenye mifumo ya majaribio. Mint ya kawaida haukuigusa. Na ulikamatwa kwa sababu mtu mmoja, Andres Freund, aliona kuingia kwenye mashine yake kwa SSH, ile njia ya kuingia ukiwa mbali, kunachelewa kama nusu sekunde, akachimba mpaka akaukuta. Programu iliyofungwa angechimba wapi?

Upepo Mwanana
Malizia basi. Huyo Freund ameajiriwa na nani?

Bisibisi
Microsoft.

Upepo Mwanana
Asante, sina swali la nyongeza.

Mzee Kifaru
😂😂 Nimevuta kiti, endeleeni.

Hesabu Kamili
Mleta mada, hawa waache. Usiiondoe Windows. Tia diski ya SSD ya pili, Linux ikae humo, kila ukiwasha unachagua unakokwenda. Intaneti tumieni upande wa Linux, ripoti zibaki Windows. Na kabla hujagusa chochote, nakala za picha na hati zako ziwe nje ya mashine. Pia Microsoft walitoa mwaka mmoja wa nyongeza wa marekebisho ya usalama kwa wa nyumbani, mpaka Oktoba 2026, ila lazima ujiandikishe.

Msumari
Kumbe Linux inafaa! Tumefika mbali.

Hesabu Kamili
Sikusema haifai. Nilisema hamna kazi.

Nyota Njema
Wakuu, nimejaribu kwa flashi kama alivyosema Bisibisi. Waifai imeshika yenyewe. Printa imechapisha, skana ndiyo bado haijaonekana. Mama watoto amefungua ripoti yake kwenye LibreOffice, amesema herufi zimebadilika sura lakini anaweza kuishi nayo. Aliyegoma ni kijana wangu. Anauliza kama gemu yake ya Valorant itacheza.

Msumari
Gemu siku hizi si tatizo. Proton ya Valve, inayoendesha gemu za Windows ndani ya Linux, imekuwepo tangu 2018, na kile kifaa chao cha gemu, Steam Deck, chenyewe ni Linux.

Bisibisi
Msumari, usimdanganye mtoto wa watu. Nyingi zinacheza, Valorant haichezi. Ulinzi wake dhidi ya wadanganyifu, Vanguard, unakaa ndani kabisa kwenye kerneli ya Windows, na wenyewe hawajauleta Linux. Fortnite vilevile.

Nyota Njema
Na hiyo Vanguard kwenye Windows 11 inataka TPM 2.0?

Bisibisi
Inataka.

Mzee Kifaru
Basi nunua kompyuta, baba. Bosi wa nyumba ameshajulikana.

Upepo Mwanana
Kalamu Nyekundu, bado nakusubiri na radhi yangu.

Kalamu Nyekundu
Tuma picha ya leseni kwanza.